Nani Alitembea? Ujiji, Michezo ya Video na Mwili wa Mpagazi

Je, mchezo wa video wa jasura huwa bora zaidi pale mchezaji anapoutumia mwili wake, akapunga mkono ili upanga ukate na akainama ili shujaa apite chini ya tawi, badala ya kukaa kitako na kubonyeza vitufe? Swali hili limejadiliwa kwa takriban miaka 20 huko Japani, Ulaya na Marekani, na kwa kawaida hujadiliwa kama suala la burudani na biashara. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba ni suala la historia pia, na kwamba sisi Watanzania tuna sababu ya pekee ya kulishughulikia. Sababu hiyo inaitwa Ujiji.

Mwaka 1986 kampuni ya Kihispania ya Opera Soft ilitoa mchezo wa kompyuta ulioitwa “Livingstone, supongo”. Jina hilo limetokana na maneno ambayo Henry Morton Stanley alidai kuyatamka alipokutana na David Livingstone mjini Ujiji mwaka 1871. Mchezaji anakuwa Stanley. Anapita peke yake katika nchi iliyojaa hatari, akiwa na vifaa vinne: kisu, bumarangi, bomu la mkono na mti mrefu wa kurukia. Anapaswa pia kuchunga maji na chakula chake, kwani vikimwishia safari inakoma. Jambo la kuvutia kiufundi ni namna nguvu inavyopimwa. Kadiri mchezaji anavyokishikilia kitufe ndivyo kisu kinavyorushwa mbali zaidi, au ndivyo mruko unavyokuwa mkubwa zaidi. Miaka 20 kabla ya kuenea kwa vidhibiti vya mwendo, waundaji wa mchezo huo walikuwa tayari wakitafuta njia ya kuuingiza mwili ndani ya mashine: kidole kimoja kiseme juhudi ya mkono mzima.

Walifaulu kwa kiasi chao. Lakini mkono waliouiga ulikuwa wa nani?

Safari yenyewe inajulikana vyema. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871. Alikuwa na watu wapatao 190 waliogawanywa katika misafara mitano, na wengi wao walikuwa wapagazi. Njia ya kwenda Ujiji ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 1,200. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na chombo chake cha kupikia, mkeka wake na silaha yake. Kiongozi wa walinzi wa msafara alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Wayao aliyeuzwa utumwani India na kurejea Afrika akiwa huru. Bombay hakuwa akienda mahali asipopajua. Alikuwa amefika Ujiji mwezi Februari 1858 pamoja na Richard Burton na John Speke, miaka 13 kabla ya Stanley. Na msafara ulipoingia mjini, mtu wa kwanza kumsalimu Stanley kwa Kiingereza hakuwa Livingstone. Alikuwa Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye kisha alitimua mbio kumpelekea bwana wake habari.

Ujiji penyewe hapakuwa msitu wa siri. Ulikuwa mji wa soko, wenye Waha na Wajiji, wafanyabiashara Waswahili na Waarabu, wavuvi, mafundi, na watumwa waliovushwa kutoka Manyema kuelekea pwani. Livingstone alikuwa amerejea hapo kutoka Nyangwe, alikoshuhudia mauaji ya wanawake wengi sokoni mwezi Julai 1871. Hayo yote hayamo katika “Livingstone, supongo”. Mchezo umeufuta msafara na kumbakiza mtu mmoja anayeruka.

Sasa tugeukie historia ya vidhibiti vya mwendo. Mwezi Novemba 2006 kampuni ya Nintendo ilitoa mashine ya Wii, ambayo kidhibiti chake kilitambua jinsi kinavyoinuliwa, kuelekezwa na kupungwa. Mwaka 2010 Sony ilifuata kwa kifaa cha Move, na Microsoft kwa Kinect, kamera iliyosoma mwili mzima bila mchezaji kushika chochote. Ahadi ilikuwa moja: ukuta kati ya mchezaji na shujaa utaanguka.

Mchezo wa jasura wa “The Legend of Zelda: Twilight Princess” unatuonyesha jinsi ahadi hiyo ilivyotekelezwa. Awali uliundwa kwa ajili ya mashine ya GameCube, na shujaa wake, Link, alikuwa mshika upanga kwa mkono wa kushoto, kama ilivyokuwa desturi yake. Ulipohamishiwa Wii ilionekana kwamba wachezaji wengi watapunga mkono wa kulia, na jambo hilo lingewakanganya. Waundaji hawakumbadilisha shujaa peke yake. Waliugeuza ulimwengu wote wa mchezo kama kwenye kioo, ramani pamoja na majengo, hata mashariki ikawa magharibi. Hata hivyo, mpungo wa mkono ulifanya kazi ile ile iliyofanywa na kitufe. Mchezaji alitikisa kidhibiti, na upanga ukafuata mkondo wake uliokwisha kupangwa. Ramani nzima iligeuzwa ili kuupisha mwili ambao kimsingi haukuulizwa kitu.

Mwaka 2011 “Skyward Sword”, wa mfululizo huo huo, ulikwenda mbali zaidi. Kwa msaada wa kihisi bora, upanga ulifuata mwelekeo halisi wa mkono. Adui alijikinga upande mmoja, na mchezaji alilazimika kuona, kufikiri na kukata kutoka upande mwingine. Hapa mwendo ulikuwa na maana, kwa kuwa namna ya kupunga ilibadilisha matokeo. Wapo waliousifu kwa hilo, na wapo waliochoka mikono na kulalamika kwamba kifaa hupotea njia. Toleo jipya la mchezo huo lilipotoka mwaka 2021 kwa mashine ya Switch, wachezaji walipewa hiari ya kutumia vitufe. Kwa upande wake, Kinect ilikuwa imekoma kutengenezwa tangu mwaka 2017.

Kutokana na mifano hii napendekeza kigezo kimoja. Mwendo wa mwili huboresha mchezo wa jasura pale tu unapobeba uamuzi au uhusiano ambao kitufe hakiwezi kuubeba vizuri. Pale mwendo unapokuwa kitufe kilichovalishwa joho, unaongeza uchovu bila kuongeza maana. Kuna pia suala la haki. Mtu asiyeweza kusimama, au mwenye mkono mmoja, hufungiwa mlango na mchezo unaoshurutisha mwili wa aina moja. Vilevile, katika vibanda vingi vya gemu vya miji yetu vijana hukaa bega kwa bega kwenye benchi, na hakuna nafasi ya mtu kupunga upanga. Mwendo tuliouzoea zaidi ni ule wa kuinamisha simu kushoto na kulia ili gari likate kona.

Tukirudi Ujiji na kigezo hicho, tunakuta jambo ambalo wahakiki wa michezo hawana haja ya kuliona, lakini sisi tunayo. Katika historia ya njia ya kati, mwili uliotembea mara nyingi haukuwa wa yule anayeitwa msafiri. Burton alipokaribia ziwa mwaka 1858 alikuwa mgonjwa asiyeweza kutembea, akabebwa kwa machela. Speke alikuwa na maradhi ya macho, hata ziwa lilipoonekana yeye aliliona kwa shida. Waliolitazama wakiwa wima ni wapagazi na Bombay. Hata hivyo, vitabu viliandika kwamba Burton na Speke ndio “waliogundua” Ziwa Tanganyika, ziwa ambalo Wajiji walikuwa wakivua ndani yake vizazi na vizazi.

Fikiria basi mchezo wa kisasa wa safari hiyo, wenye vihisi vya mwendo vya hali ya juu, ambamo mchezaji ni mvumbuzi. Kijana wa Kigoma ataambiwa anyanyue miguu, aruke kijito, akate vichaka. Teknolojia itakuwa sahihi na historia itakuwa ya uongo, tena uongo ulioingia kwenye misuli, ambao ni mgumu kuung’oa kuliko ule ulioingia kwa kusomwa. Usahihi wa mwendo hautusaidii ikiwa tumekosea mtu.

Kuna atakayesema kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba anayetaka historia aende darasani. Pingamizi hili lina uzito. Mchezo unaohubiri huchosha, na mtoto huukimbia. Lakini “Livingstone, supongo” haukutangazwa kuwa somo la historia, na bado uliwaachia wachezaji wake wa Ulaya picha ya Afrika isiyo na wapagazi. Burudani hufundisha bila kuomba ruhusa. Kuikabidhi kazi hiyo kisha kukataa kuihoji ni uzembe wa kifikra.

Je, mchezo wa mpagazi unawezekana? Mfano wa karibu upo. Mwaka 2019 Hideo Kojima na wenzake walitoa “Death Stranding”, mchezo wa jasura ambao shujaa wake kazi yake ni kubeba mizigo kwa miguu. Uzito hupangwa mgongoni, mteremko huhesabiwa, na mchezaji hushikilia vitufe viwili, cha kushoto na cha kulia, ili kuzuia mzigo usimwangushe. Kazi hiyo ngumu ya kutembea imefikishwa kwa vidole tu, na inaaminika. Kihisi cha mwendo kinahitajika pale mtoto mchanga anayebebwa na shujaa anapolia: mchezaji hukibembeleza kidhibiti mikononi mwake mpaka mtoto atulie. Uzito umekabidhiwa vitufe, na huruma imekabidhiwa mwendo. Sioni jibu bora zaidi la swali tulilouliza mwanzoni.

Historia yetu ina safari inayofaa kipimo hicho. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walikausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600. Walifika mwezi Februari 1874. Njiani walipitia ugonjwa na vifo, na walilazimika kuficha walichobeba, kwa kuwa maiti kupitishwa katika nchi za watu ilikuwa hatari. Katika safari hiyo hakuna wa kumrushia kisu. Kuna mzigo, njia, maneno ya kuchagua kwa makini mbele ya watawala wa njiani, na uamuzi wa pamoja kila asubuhi kwamba safari iendelee. Mapigo ya hatua, kubadilishana mzigo begani, kumsaidia mwenzako aliyeteleza: haya ni mambo ambayo mwendo wa mikono ungeweza kuyasema vizuri.

Lakini pana mpaka, na lazima utajwe. Njia hiyo hiyo ya kati ilipitisha watu waliofungwa minyororo na kongwa. Sidhani kwamba kuna kihisi kinachostahili kumwomba mchezaji aige mwendo wa mtumwa. Kuiga kwa dakika kumi, kisha kuweka kidhibiti mezani na kunywa soda, ni kuwapunguzia uzito watu ambao hawakuwa na mahali pa kuuweka. Hapo mwili wa mchezaji unapaswa kutulia, na masikio na macho yafanye kazi.

Haya yana maana kwa vitendo. Tanzania iliiwasilisha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Ujiji pana makumbusho yanayobeba jina la Livingstone. Shuleni kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Na tunao vijana wanaojua kuandika programu. Siku moja afisa wa serikali atawekewa mezani pendekezo la “jasura ya kidijitali” ya Ujiji, lenye picha nzuri na miwani ya kuvaa usoni. Namshauri asianze kwa kuuliza kihisi kina usahihi gani. Aulize mchezaji anakuwa nani, anabeba nini, anatembea na nani, na ni jambo gani hataruhusiwa kuliigiza.

Wanafunzi wangu wanaotaka kuunda michezo nawaambia vivyo hivyo. Kabla ya kuamua mkono wa mchezaji utasogea vipi, someni kwanza mikono iliyosogea kweli kwenye njia ile: ya kirangozi aliyetangulia na bendera, ya mpishi, ya wanawake waliofuatana na msafara, ya Bombay na Susi. Stanley aliandika kitabu, na jina lake likaingia kwenye mashine. Waliobeba karatasi zake bado wanasubiri zamu yao ya kucheza.