Ngozi ya Bibi na Sumaku

Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno mawili: sumaku, mhifadhi. Mhifadhi ni fundi wa kutunza vitu vya kale visiharibike.

Zamani, kabla nguo za dukani hazijaenea, Wakurya wa Tarime, na Waikoma na Wangoreme wa Serengeti, walivaa ngozi. Nyingine zilipambwa kwa shanga. Zilizobaki leo ni chache. Ikiwa nyumbani kwenu iko moja, pengine imetundikwa ukutani kwa msumari. Je, umelitazama lile tundu? Uzito wote wa ngozi unaning'inia hapo, na tundu huongezeka mpaka ngozi ichanike.

Hata makumbusho makubwa ya Ulaya yalitumia misumari. Baadaye wahifadhi walishona utepe upande wa juu wa nguo, wakaitundika kwa utepe huo. Kwa nguo ya pamba ni njia njema. Lakini ngozi kavu haipendi sindano, kwa maana tundu lake halizibiki tena.

Msaada ulitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1982 Masato Sagawa wa Japani alitengeneza sumaku ya neodimi, chuma na boroni. Huweza kuwa ndogo kama kifungo cha shati, lakini nguvu zake ni nyingi mno. Ilikusudiwa mashine, si ngozi za mabibi. Wahifadhi waliichukua baadaye, na mwaka 2019 Gwen Spicer wa Marekani alitoa kitabu kizima juu ya kazi hiyo. Sumaku si jambo geni kwenu: iko ndani ya spika ya redio mnayoisikiliza.

Kazi hufanywa hivi. Ubao hufunikwa kwa bati la chuma, kisha kitambaa laini. Ngozi huwekwa juu yake, na juu ya ngozi huwekwa sumaku, katikati yake karatasi safi. Sumaku hulivuta bati, na ngozi hubanwa bila kutobolewa. Sumaku nyingi hupangwa kwa safu ili uzito ugawanyike. Ngozi nene huitenga sumaku na bati, na nguvu hupungua upesi. Ngozi nyembamba huachwa na alama sumaku ikiwa kali. Kwa hiyo fundi hupima kwanza. Hutazama pia mapambo, maana pete za chuma zitavutwa, za shaba hazivutwi. Na sumaku iliyobanduka ganda lake la nje hupata kutu, kutu ikaichafua ngozi.

Watoto wasizichezee. Mtoto akimeza mbili, zaweza kushikana tumboni na kuyatoboa matumbo. Apelekwe hospitali mara moja.

Katika Mkoa wetu wa Mara iko Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama, iliyofunguliwa mwaka 1999. Ukifika huko, tazama jinsi kila kitu kilivyoshikiliwa.

Nyumbani huhitaji sumaku. Iteremshe ngozi msumarini. Ilaze bapa ndani ya sanduku, mahali pakavu, mbali na moshi na panya. Kisha chukua kalamu, uandike katika karatasi jina la bibi aliyeivaa, kijiji chake, na jina la aliyekusimulia habari zake. Karatasi hiyo ikae sandukuni pamoja na ngozi.