Karatasi ya Toronto na mkono wa shangazi

Nilipomaliza lisansi na kurudi Kilembwe, shangazi hakuuliza diploma. Alinishika mkono wa juu, akauzungushia vidole: "Baba, mbona umekonda hivi? Huko hawakukupa kula?" Nilisikia haya. Wiki mbili nzima nilivaa shati la mikono mirefu, na jua lile la kwetu munalijua.

Ndugu wasomi, nakumbuka mkono ule kila nikisoma historia ya kupima uzito na kujithamini. Mwaka 1979, huko Toronto, Garner na Garfinkel walitunga karatasi ya sentensi 40 ili kutambua watu wanaojinyima chakula kwa kuogopa kunenepa, hata wakabaki mifupa. Unasoma sentensi, unajibu: siku zote, mara nyingi, hata siku moja. Mwaka 1997, Kanada vilevile, Josie Geller na wenzake wakaleta njia ninayoipenda zaidi. Unapewa duara, unalikata vipande kwa yale yanayokufanya ujione mtu: masomo, urafiki, jamaa, uzito na umbo. Halafu wanapima kile kipande cha uzito kwa digrii. Kikimeza duara, hapo njo kuna hatari.

Karatasi ya Toronto ilisafiri. Afrika Kusini, Daniel le Grange na wenzake waliwapa wanafunzi weusi wa familia maskini. Kuna waliopata alama za juu, kama wagonjwa kabisa. Lakini walipokaa nao kuongea, kazi waliyoitoa mwaka 2004, ilionekana kwamba wengine walijibu vile kwa sababu ya umaskini, au hawakuelewa sentensi. Mtu anaulizwa kama anawaza chakula kila mara. Mwenye njaa ajibu nini?

Sasa ilete huku Lulenge, kwenye nyumba iliyokimbia vita, inayokula bugali mara moja kwa siku. Na duara la shangazi? Kipande cha uzito kingekuwa kikubwa, ila kwa kinyume: kwake kilo ni amani na shamba lililovunwa. Kukonda njo aibu.

Lakini tusiseme ni ugonjwa wa wazungu. Chuoni tulikuwa na mwenzetu, msichana, aliyekuwa anatapika kwa kusudi kila baada ya kula. Tulisema ana mimba. Tukacheka, na mimi pia nilicheka.