Kabla Uchague Ramani ya Nyumba, Uliza Nani Hayumo

Mwezi uliopita baba alinitumia picha 2 kwenye WhatsApp, bila hata salamu. Ya kwanza ilikuwa bangalo la vyumba 4, paa la kijivu, gari nyeupe imeegeshwa mbele, na mti ambao nina uhakika haumei Kisumu. Ya pili ilikuwa ramani yake. Chini akaandika: "Nyathina, unaonaje?"

Baba amestaafu. Pesa aliyolipwa ni ile moja, ikiisha imeisha. Shamba liko upande wa Kano, ndani kidogo ukitoka Ahero. Mama anataka msanifu aje, akae naye chini, amchoree nyumba yake mwenyewe. Baba anasema haoni haja. Ramani iko tayari mtandaoni, inauzwa bei ya mbuzi 2, kwa nini alipe mtu miezi yote hiyo kuchora kitu kipo?

Nikaifungua ramani. Masta ya wazazi, sawa. Chumba cha kaka yangu mkubwa, sawa. Cha mdogo, sawa. Cha wageni. Nikatafuta changu. Nikauliza. Jibu likaja haraka: "Ukija utalala ile SQ nyuma."

Wasee, hiyo sentensi nilikaa nayo siku nzima. Halafu nikafanya kile huwa nafanya nikikasirika: nikaenda kusoma historia. Ndiyo, chuo niliacha, lakini hakuna mtu alinifukuza kwa vitabu. Na nilichopata ni kwamba huu ubishi wa baba na mama, ramani tayari au ramani ya kuchorewa, umekuwa huku kwetu ziwani kwa muda mrefu sana. Tena swali lenyewe huwa tunaliuliza vibaya.

Tuanze na uongo mmoja ambao wote tumekula. Ati zamani kila mtu alijenga anavyotaka, halafu mzungu akaja na nyumba za kufanana. Hapana. Dala ya Mjaluo ilikuwa ramani tayari, na kila mtu aliijua kichwani. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inakaa ndani kabisa ikitazama lango. Mke wa pili anajenga kulia kwake, wa tatu kushoto. Duol ya mzee iko uwanjani. Simba za wavulana ziko karibu na lango. Ukiingia kwenye dala ya mtu hujawahi kumwona, bado unajua nani analala wapi. Hakuna karatasi, hakuna msanifu, na hakuna mtu anapotea.

Hata kuhama kulikuwa na utaratibu. Mwanamume akienda kuanzisha boma lake, anatoka na mtoto wake wa kwanza wa kiume, jogoo na shoka, na mkewe anabeba moto. Dani yangu anaieleza mpaka unasikia baridi ya asubuhi.

Ukitaka kuona jinsi watu wa huku walivyochukulia boma kwa uzito, nenda Thimlich Ohinga, kule Migori. Kuta za mawe zinazozidi kimo cha mtu, zimepangwa bila saruji na bila udongo wa kushikanisha, na zimesimama tangu karibu karne ya 16. UNESCO wameziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Malango yake ni mafupi, unainama kuingia. Yaani usalama ulikuwa ndani ya ramani. Na jamii zaidi ya moja zimewahi kuishi pale, wanaokuja wakirekebisha za waliotangulia. Ramani ilikuwa ya wote, lakini kila boma lilikatwa kwa kipimo cha wenyewe: wake wangapi, ng'ombe wangapi, mawe ya hapo, mteremko wa hapo.

Sasa sehemu ambayo wazee huruka. Katika hiyo ramani nzuri, binti yuko wapi? Mvulana ana simba yake. Msichana alilala siwindhe, nyumba ya bibi mzee, akifundishwa mambo ya maisha, akingoja kuolewa. Nyumba yake inasemekana iko mbele, kwa watu wengine. Ramani haikusahau kumchora. Ilikuwa imeamua.

Twende mbele. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ikafika ziwani. Mke wa mhandisi Ronald Preston, Florence, akapiga msumari wa mwisho, na mji ukaitwa Port Florence kabla ya kurudi kuwa Kisumu. Kitu kimoja hunichekesha kuhusu miaka hiyo: hata meli zilikuja kama fanicha ya kuunganisha. Winifred na Sybil ziliundwa Paisley kule Uskoti, zikaletwa vipande vipande kwa bahari na reli, zikaunganishwa hapa Kisumu. Mji wetu ulianza na ramani ya mtu aliyekuwa mbali.

Nyumba zikaja kwa akili hiyohiyo. Mji wa kikoloni uligawanywa kwa rangi. Mzungu kwa bangalo lenye veranda pana na uwanja mkubwa, Mhindi upande wa maduka, Mwafrika kwa kota za kazi au nje kabisa ya mji. Mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kama mwanamume peke yake. Hakupewa nyumba, alipewa nafasi ya kitanda, na mshahara wa mtu mmoja. Mke na watoto walitakiwa kubaki dala, walime, wamsaidie mwajiri kuokoa pesa. Ni mpaka 1954 ndipo kamati ya mishahara ya Carpenter iliposema wazi kwamba mfanyakazi ana familia na alipwe kama mtu mwenye familia. Reli ilikuwa imeshafika miaka zaidi ya 50!

Na nyuma ya lile bangalo la mzungu kulikuwa na chumba kidogo cha mtumishi. Karibu na jiko ili asikie akiitwa, mbali na sebule ili asionekane. Uhuru ukaja 1963, bangalo likabadilisha mwenyewe, chumba kikabaki. Leo tunakiita SQ, na kiko kwenye ramani nyingi unazoshusha mtandaoni, kwa watu ambao hata mtumishi hawana. Hakuna aliyeuliza kwa nini bado kipo. Kilikuja na ramani.

Sasa mnaelewa kwa nini ile meseji ya baba ilinichoma. Ramani ya dala haikuwa na chumba changu. Ramani ya bangalo ilikuwa nacho, lakini ni cha mtumishi.

Kuna kesi kila Mjaluo wa umri wa wazazi wangu anaijua. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986. Alikuwa na nyumba Nairobi, na mkewe, Wambui, alitaka kumzika kwenye shamba lao upande wa Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, azikwe Nyalgunga, Siaya. Hoja moja iliyotikisa nchi ni hii: nyumba si nyumbani. Unaweza kujenga Nairobi hata ghorofa, hiyo ni nyumba tu. Dala ni pale ulipoanzishwa kwa desturi, kwa wako. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga.

Watu huisoma ile kesi kama vita ya makabila au ya mila na usasa. Mimi naisoma pia kama kesi ya ramani. Kila upande ulikuwa na mchoro wake wa nani ni wa ndani na nani ni wa nje. Kwenye mmoja, mjane aliyeishi na mtu zaidi ya miaka 20 hana neno la mwisho.

Serikali nayo imejaribu ramani tayari mara nyingi, na hapa lazima niwe mkweli: si zote zilikuwa mbaya. Mwaka 1975 mradi wa Dandora ulianza Nairobi kwa pesa za Benki ya Dunia, ploti karibu 6,000. Mtu anapewa ploti yenye maji na choo, anapewa michoro iliyokwisha kupitishwa, anajenga pole pole. Mradi wa pili ukaletwa 1978, ukafika Mombasa na Kisumu. Migosi yetu imetoka hapo. Watu ambao hawangeweza kumlipa msanifu hata wakiuza kila kitu walipata nyumba halali. Na hawakuiacha ramani kama walivyoipata. Waliongeza chumba cha kupangisha, wakafungua duka mbele, wakaweka mlango pembeni ili shangazi aingie bila kupita sebuleni. Ramani ilikuwa mwanzo tu.

Linganisha na nyumba za bei nafuu za sasa. Sheria ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mtu, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Zile ghorofa zina mchoro mmoja unaorudiwa kutoka mji hadi mji. Sisemi ni mbaya, paa ni paa, na anayelala Obunga kwa chumba kimoja na watoto hana muda wa falsafa yangu. Lakini kwa ghorofa ya nne huwezi kuongeza chumba wala kufungua mlango wa shangazi. Ukuta wa jirani ndio mwisho wako. Kwa hivyo kile kilichosahaulika siku ya kuchora kitabaki kimesahaulika.

Hapo ndipo nimefika na maoni yangu. Tofauti kubwa haiko kati ya ramani ya kununua na ya kuchorewa. Iko kati ya ramani unayoweza kuibishia na ramani unayomeza. Mama akilipa msanifu halafu aogope kumwambia anachotaka, atapata nyumba ya msanifu. Baba akinunua mchoro halafu aukatekate mpaka utoshee Kano, atapata nyumba yake.

Na Kano inataka kubishiwa, trust me. Kwanza udongo. Ule mweusi mafundi huuita blakikotoni unavimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Msingi wa kawaida ulioandikwa kwenye ramani ya mtandaoni haujui hayo. Mjomba wangu alijenga kwa mchoro wa kununua, akauacha msingi kama ulivyochorwa, na sasa ukuta wa sebule una ufa unaoweza kuingiza kalamu. Unachimba uuondoe mpaka ufike chini pagumu, au injinia akupe msingi wa kubeba nyumba nzima kama chelezo. Pili mafuriko. Nyando ikijaa haisomi ramani, kwa hivyo sakafu inainuliwa. Tatu jua. Ikweta inapita Maseno, hapo tu. Jua la jioni linapiga ukuta wa magharibi bila huruma, na upepo wa ziwa nao unatokea upande huohuo. Mchoro uliotengenezewa baridi ya Nairobi utakuwekea masta hapo na dirisha dogo, halafu ununue feni maisha yako yote. Geuza nyumba, weka veranda upande ule, upate upepo bila jua.

Nne, sheria. Kaunti haipitishi picha ya WhatsApp. Inataka michoro yenye sahihi ya msanifu aliyesajiliwa na ya injinia. Kwa hivyo hata ukinunua tayari, kuna mtaalamu utamlipa. Afadhali umlipe afikirie kuliko umlipe aweke muhuri tu.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Nikamwekea baba karatasi mezani, ramani yake ileile, nimeichorea kwa kalamu nyekundu. Nimeigeuza iangalie kwingine. Nimeondoa SQ. Mahali pa chumba cha wageni nimeandika jina langu, na nimeweka mlango unaofungukia nje.

Akaangalia muda mrefu. Akasema, "Lakini wewe utaolewa." Nikamwambia labda, labda la. Nikamwambia pia Katiba ya 2010 na sheria ya urithi zinasema watoto, hazisemi wavulana. Hiyo haikumfurahisha. Mama alikuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa. Akasema tu, "Mimi nilipoolewa na wewe, kwetu walinifutia kitanda siku hiyohiyo. Nikirudi kulilia mama yangu nililala kwenye kiti."

Baba hakujibu. Alikunja ile karatasi akaiweka mfukoni wa shati, pale huweka vitu ambavyo hajaamua. Jana akanitumia meseji, tena bila salamu: "Huo mlango wa nje, ufunguo utakaa na nani?"

Nimemwambia utakaa na mimi. Bado nangoja jibu.

Wewe nawe, fungua ramani ya kwenu, hata kama ni ya kichwani. Hesabu vyumba, halafu hesabu watu. Nani amebaki?