Miaka ya Mzazi, Uraia wa Mtoto

Sheria ya kwanza ya uraia nchini Marekani ilitungwa mwaka 1790. Iliwatambua watoto wa raia waliozaliwa ng'ambo, lakini ikaweka sharti: haki hiyo haitamfikia mtoto ambaye baba yake hajapata kuishi Marekani. Hofu iliyozaa sharti hilo inaeleweka. Taifa changa halikutaka raia wanaozaana ughaibuni kizazi baada ya kizazi bila kuijua nchi yao. Dhuluma ilikuja katika kuugawa mzigo wake.

Sheria ya uraia ya 1802 iliandikwa vibaya kiasi kwamba mwaka 1854 Horace Binney, mwanasheria wa Philadelphia, alionyesha kuwa watoto wengi wa Wamarekani waliozaliwa nje walikuwa wageni kisheria. Bunge likaziba pengo mwaka uliofuata, ila kwa upande wa baba tu. Mwanamke Mmarekani aliyeolewa na mgeni akajifungulia ng'ambo hakuweza kumrithisha mwanawe uraia hadi 1934. Miaka 79! Ndani ya kipindi hicho, mwaka 1927, Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia Chin Bow, mvulana aliyezaliwa China, kwa kuwa baba yake, ingawa raia, hakuwa ameishi Marekani kabla mtoto hajazaliwa.

Kisha kalenda ikashika hatamu. Mwaka 1940, raia aliyezaa na mgeni nje ya nchi alitakiwa awe ameishi Marekani miaka 10, mitano kati ya hiyo baada ya kutimiza miaka 16. Mwaka 1952 umri huo ukashushwa hadi 14, na mwaka 1986 miaka 10 ikawa mitano, miwili baada ya kutimiza 14. Mama asiye na ndoa alidaiwa mwaka mmoja mfululizo tu, ilhali baba asiye na ndoa alibanwa na masharti marefu.

Tofauti hiyo ndiyo aliyoipinga Luis Ramón Morales-Santana, aliyezaliwa Jamhuri ya Dominika mwaka 1962, wazazi wake wakiwa bado hawajaoana. Baba yake, José Morales, mzaliwa wa Puerto Rico na raia wa Marekani, aliondoka kisiwani siku 20 kabla ya kutimiza miaka 19. Siku hizo 20 zilimvunjia ile miaka mitano baada ya 14 iliyodaiwa na sheria ya 1952. Serikali ilipotaka kumfukuza mwanawe nchini, kesi ikafika Mahakama Kuu. Mwaka 2017 Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kwamba kubagua kati ya baba na mama hivyo kunavunja Katiba. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa chungu: badala ya baba kupewa mwaka mmoja, akina mama watakaofuata walipandishiwa hadi mitano. Morales-Santana alishinda hoja, akakosa uraia. Kwangu huo ni usawa uliopatikana kwa kumkandamiza kila mtu.

Masharti haya yanatugusa hata sisi. Wapo jamaa zetu wengi, Wakenya, Watanzania na Wakongo, waliopata uraia wa Marekani kisha wakarudi kuanza familia huku. Muda waliokaa kule kabla ya kupata uraia huhesabiwa; likizo za Mombasa hazihesabiwi. Ndugu zangu, tunzeni vyeti vya shule, hati za mishahara na pasi zenu za zamani ili kuuthibitisha muda huo, na mwandikisheni mtoto ubalozini kabla hajatimiza miaka 18.