"British" ni nani? Maana na asili ya neno

Tumezoea kusema "Mwingereza" tukamaliza. Lakini hati za wazee wetu ziliandikwa "British", na maneno haya mawili si mamoja.

"Mwingereza" asili yake ni Angli, kabila lililohamia kisiwa kile baada ya Warumi kuondoka. Lina mzizi mmoja na Inglizi ya Waarabu. "British" ni kongwe zaidi. Ni jina la wenyeji waliowatangulia Angli, na Warumi ndio walioiita nchi yao Britannia. Mwaka 1707, Uingereza na Uskoti zilipoungana kuwa dola moja, jina hilo la kale ndilo lililotumika. Ndiyo maana Mskoti ni British, lakini ukimwita Mwingereza utamuudhi.

Huku kwetu neno hilo lilibeba sheria. Chukua wazee wawili waliozaliwa 1925 kwa wazazi wenyeji, mmoja Katangi, Machakos, mwengine Mji wa Kale, Mombasa. Gavana wao mmoja. Lakini bara ilifanywa koloni mwaka 1920, kwa hivyo wa Katangi alizaliwa British subject, raia wa mfalme wa ng'ambo. Mwambao wa maili kumi ulibaki wa Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliuendesha kwa mkataba wa Desemba 1895, na bendera nyekundu ya Sultani ikipepea Ngomeni. Wa Mombasa, basi, alikuwa British protected person, yaani mtu wa himaya. Alihesabiwa kulindwa tu, si raia wao.

Je, wa Katangi alifaidi nini? Kuitwa British hakukumwondolea kipande shingoni, wala hakukumpa shamba katika nyanda za juu walizotengewa Wazungu.

Oktoba 1963 Sultani aliachia Mwambao kwa mkataba, na tarehe 12 Desemba wazee wale wawili wakawa Wakenya siku moja.

Kwa hivyo ukifungua sanduku la marehemu babu, Allah amrehemu, ukakuta "protected person" kwenye pasipoti yake, usidhani karani alikosea. Na ukimsikia mtu akisema watu wa Pwani walikuwa raia wa Mwingereza, mwambie asome hati vizuri. Raia wa Mwingereza alikuwa yule wa Katangi, naye hakuulizwa.