UBIA NA HAKI: HISTORIA FUPI YA MSAADA WA SHERIA KWA WENYE MALI YA SHIRIKA

Kwa Wanachama wote na Wazee wetu waheshimiwa,

Katika taarifa za miaka iliyopita, kurasa hizi zimetumika kueleza habari za mazishi, za karo za watoto wetu, na za jengo la Chama. Mwaka huu Kamati imeniagiza niandike habari za jambo jingine ambalo limewaleta watu wengi mlangoni pa afisi yetu, nalo ni ugomvi wa watu waliofanya biashara pamoja, au walionunua kitu kimoja kwa fedha za wengi. Nimeona haifai kulieleza jambo hili kwa malalamiko tu. Yafaa tujue kwanza tulikotoka: zamani mtu aliyedhulumiwa na mwenziwe alikwenda kwa nani, na leo aende kwa nani.

Naomba nianze na kisa ambacho mimi mwenyewe nina sehemu ndani yake. Mwaka wa 2014 wanachama wetu watatu walinunua mashine ya kusaga unga. Wa kwanza alitoa shilingi 150,000, wa pili 90,000, na wa tatu 30,000. Lakini huyu wa tatu ndiye aliyefungua mlango alfajiri na kuufunga usiku. Waliniita niwaandikie karatasi. Nikaandika majina matatu na fedha walizotoa, nao wakatia sahihi. Zaidi ya hayo sikuandika neno. Mwaka wa 2017 yule wa kwanza akafariki dunia, na mjane wake akaja afisini akiishika karatasi ile mkononi. Akaniuliza, "Bwana Karani, sehemu ya mume wangu ni kiasi gani, na ni nani atakayenipa?" Karatasi haikuwa na jibu, wala mimi sikuwa nalo. Tangu siku ile nimekuwa nikizichunguza sheria na habari za zamani, na haya ndiyo niliyoyapata.

Wazee wetu wa kale hawakuwa wageni wa mali ya shirika. Katika makabila mengi ya bara mtu aliweka ng'ombe wake kwa rafiki aliyekaa mbali, ili maradhi au vita visimalize kundi lote mahali pamoja. Mfugaji alikunywa maziwa, na mwenye mali alibaki na ng'ombe na ndama, isipokuwa wale walioahidiwa mfugaji. Mapatano hayo yalifanywa mbele ya mashahidi, na ugomvi ulipotokea mashahidi hao waliitwa na wazee. Pwani nako, biashara ya majahazi na misafara ilikuwa na kanuni zilizotoka katika sheria ya Kiislamu. Mmoja alitoa fedha, mwingine akatoa kazi yake. Faida waligawana kwa mafungu waliyoafikiana, na hasara ya fedha ilimwangukia mwenye fedha, maana mwenziwe alikuwa amekwisha kupoteza jasho lake. Tena Waislamu wameamriwa katika Kurani, Sura ya Albaqara, aya ya 282, kwamba deni la muda liandikwe, na mashahidi wawepo.

Twaona basi kwamba desturi zote mbili zilimpa mtu msaada mapema, siku ile ya kupatana, kabla ya ugomvi kuzaliwa. Neno hili tulishike, kwa kuwa baadaye lilipotea.

Lilipoteaje? Mwaka wa 1897 Serikali ya Kiingereza ilileta katika nchi yetu sheria za Uingereza pamoja na sheria kadha za Bara Hindi, mojawapo ikiwa Sheria ya Mikataba ya Bara Hindi ya mwaka wa 1872. Baadaye Kenya ikapata sheria yake ya ubia, iliyojulikana kwa miaka mingi kama Sura ya 29, ambayo ilifuata Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka wa 1890. Sheria hiyo ilikuwa na hekima yake, walakini ilikuwa na tabia moja ambayo wafanya biashara wetu wengi hawakuitambua: wabia waliponyamaza, sheria ilisema kwa niaba yao. Kama hawakupatana neno jingine, faida na hasara ziligawanywa sawasawa hata ikiwa mitaji haikuwa sawa. Mbia hakuwa na haki ya mshahara kwa kazi yake. Kama ubia haukuwekewa muda, yeyote aliweza kuuvunja kwa kutoa taarifa. Mmoja alipofariki, ubia ulivunjika. Wala wengi hawakuweza kumfukuza mmoja, isipokuwa waliafikiana hivyo tangu mwanzo. Kadhalika ilisema kwamba watu kumiliki kitu kimoja pamoja si lazima wawe wabia. Kwa hiyo wenye ploti moja sokoni na wenye duka lililojengwa juu yake waweza kuwa chini ya sheria mbili mbalimbali.

Sasa tazameni hesabu hii. Kama mashine ile ya wanachama wetu ingehukumiwa kwa kanuni ya zamani, na ikauzwa kwa shilingi 120,000, hasara ya mtaji ingekuwa shilingi 150,000, yaani 50,000 kwa kila mtu. Nyumba ya marehemu ingepata 100,000, wa pili angepata 40,000, na yule wa tatu, aliyetoa 30,000 na kazi ya miaka mitatu, angetakiwa kutoa mfukoni mwake shilingi 20,000 zaidi. Kwa kanuni ya pwani, ya fedha kwa huyu na kazi kwa yule, asingedaiwa senti kwa ajili ya fedha za wenziwe. Kwa hiyo kimya chao kingeweza kumwangamiza aliye maskini kuliko wote.

Na Mwafrika wa siku zile angepata wapi mtu wa kumweleza hayo? Kesi zake nyingi zilisikizwa katika mabaraza ya wenyeji, yaliyowekwa chini ya sheria ya mwaka wa 1930, na rufani ilimfikia Mkuu wa Wilaya. Mwaka wa 1951 sheria mpya ikayafanya kuwa Mahakama za Waafrika. Humo mawakili hawakuruhusiwa kuingia kumsemea mtu. Serikali ilisema kwamba mawakili wataharibu wepesi wa mahakama zile. Na ni kweli kwamba wazee waliokaa humo walizijua desturi za ng'ombe, za ardhi na za mahari. Lakini ng'ombe hutambulikana kwa rangi yake, na ndama hujulikana mama yake. Faida ya duka haina rangi. Hujulikana kwa daftari tu, na aghalabu daftari lilikuwa mikononi mwa yule yule aliyeshitakiwa. Ndiyo maana wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata nje ya mahakama zile mawakili Waafrika hawakuwapo. C. M. G. Argwings-Kodhek, aliyeanza kazi Nairobi katika miaka ya mwanzo ya 1950, ndiye Mwafrika wa kwanza kufungua afisi yake mwenyewe ya uwakili katika Kenya. Wengi wa watu wetu walimtegemea mwandishi wa barua aliyekaa barazani na taipureta yake, au karani kama mimi.

Na haja ilikuwa kubwa. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka wa 1945, maelfu ya askari walirudi makwao wakiwa na fedha za kiinua mgongo. Mkopo ulikuwa mgumu kupatikana. Sheria ya mwaka wa 1948 ilimzuia mtu asiye Mwafrika kumdai Mwafrika mahakamani deni lililozidi shilingi 200, isipokuwa mkataba wao umethibitishwa kwa afisa wa Serikali. Basi mwenye duka la jumla aliogopa kukopesha. Njia iliyobaki ilikuwa kuchanga. Watu wakachanga, wakanunua malori, wakajenga maduka na hoteli. Wengine walichagua njia ya kampuni yenye hisa zilizoandikishwa, kama Jaramogi Oginga Odinga na wenziwe walivyofanya kwa Luo Thrift and Trading Corporation mwaka wa 1947. Lakini wengi waliunga ubia kwa kupeana mikono, na ubia mwingi wa namna hiyo ulivunjika kwa ugomvi wa hesabu.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, milango ilianza kufunguliwa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka wa 1967 iliondoa Mahakama za Waafrika, na wakili akaweza kumsemea yeyote. Hata hivyo mlango uliofunguliwa ulikuwa na ada yake, na mwenye kibanda hakuweza kuilipa. Mwaka wa 1973 kikaanzishwa Kituo cha Sheria, ambacho mawakili wake waliwasaidia wasio na uwezo. Kwa habari ya ardhi, sheria ya mwaka wa 1963, na tena Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012, zilitenga namna mbili za kumiliki pamoja. Katika namna ya kwanza, mmoja akifa fungu lake huwaendea wenziwe walio hai. Katika namna ya pili, fungu lake huwa urithi wa nyumba yake. Ni maneno machache tu katika hati, lakini yaweza kumwacha mjane na watoto bila kitu. Tena sheria hiyo ya 2012 humruhusu mwenye fungu katika ile namna ya pili kuomba ardhi igawanywe, na ikiwa haigawanyiki, kuomba iuzwe na fedha zigawanywe.

Katika miaka ya karibuni misaada imeongezeka. Sheria ya Ubia ya mwaka wa 2012 imechukua mahali pa ile Sura ya 29. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zikuze upatanisho na usuluhishi, pamoja na njia za jadi. Na tangu mwaka wa 2016 mahakama za Milimani zilianza kupeleka kesi kwa wapatanishi. Mwaka wa 2021 ilifunguliwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya fedha alizopokea mtu kwa ajili ya mwingine. Mtu aweza kujisemea mwenyewe humo, na kesi yatakiwa kwisha katika siku 60. Lakini ugomvi wa umilikaji wa ardhi hauendi huko. Wala msidhani kwamba msaada wa sheria wa Serikali, uliowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, utatutosha katika mambo ya biashara: sheria hiyo imeacha nje kesi za kudai madeni, na makampuni hayapewi.

Wazee wetu, nikiyatazama yote hayo naona jambo moja. Kwa miaka zaidi ya mia tumepewa mahakama baada ya mahakama, na kila moja ni bora kuliko iliyotangulia, lakini zote hungoja mpaka nyumba imekwisha kuungua. Msaada ule wa kwanza, wa siku ya kupatana, hakuna aliyeurudisha. Nadhani huu ndio uwezao kutolewa na Chama kama chetu, na gharama yake ni ndogo.

Kwa hiyo Kamati italeta mbele ya Mkutano Mkuu pendekezo hili. Mwanachama yeyote anayetaka kuingia ubia au kununua mali pamoja na wengine aje afisini, ajibu maswali manane kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili. Nani ametoa nini, na je, ni mtaji au ni mkopo? Nani atafanya kazi, na atalipwa nini? Faida na hasara zitagawanywaje? Nani atashika daftari, na litasomwa lini mbele ya wote? Nani ana ruhusa ya kukopa kwa jina la wote? Anayetaka kutoka atanunuliwa kwa bei gani? Mmoja akifa, nyumba yake itapata nini, na kwa muda gani? Ugomvi ukitokea, ni nani atakayeamua kabla ya kwenda kortini? Nakala moja itakaa katika sanduku la Chama. Mahali penye ardhi au fedha nyingi, Chama kitalipa ada ya wakili ya kuisoma hati ile mara moja, kutoka katika mfuko utakaoamuliwa na Mkutano.

Najua wako watakaosema kwamba kuandikiana ni kutoaminiana. Nami nilidhani hivyo mwaka wa 2014. Ndiyo maana niliona haya kuwauliza watu wazima watatu, marafiki, itakuwaje mmoja wao akifa.

Mashine ile ilisimama miezi 14 huku wazee wakikaa mara nne. Mwishowe iliuzwa kwa shilingi 120,000. Mjane alipewa 60,000, wa pili 36,000, na wa tatu 24,000. Mapatano hayo hayakutoka katika sheria yoyote. Yalitoka katika huruma na kuchoka. Wote watatu waliyapokea, na hakuna aliyeshukuru. Wale wanaume wawili wangali wanachama wetu, lakini mkutanoni hukaa pande mbili za ukumbi.

Karatasi niliyowaandikia ilikuwa na mistari mitatu. Kama ingalikuwa na mistari kumi na mmoja, nadhani wangalikaa pamoja leo.

Ni mimi mtumishi wenu,
Karani wa Chama.