Swali Nililolijibu kwa Haraka

Nilipokuwa mkufunzi wa jiografia katika chuo cha ualimu, kabla sijapewa shule ya kuiongoza, nilifundisha kwamba kila tupandapo angani kilometa moja, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mwanachuo mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, baridi hiyo huongezeka mpaka wapi?" Nikajibu, "Mpaka hewa itakapokwisha." Wenzake wakacheka, naye akaketi.

Nimekwisha kustaafu ndipo niliposoma habari za Mfaransa Léon Teisserenc de Bort, nikaona haya.

Kabla ya zama zake watu walipanda wenyewe kwenda kupima anga, na wengine walilipa kwa roho zao. Mwaka 1862 Mwingereza James Glaisher alizimia ndani ya puto; mwenzake, Henry Coxwell, mikono ikiwa imekufa ganzi, alivuta kamba ya vali kwa meno ndipo wakashuka. Mwaka 1875 Wafaransa wawili walifia angani katika puto lililoitwa Zénith. Basi kuanzia mwaka 1892, Hermite na Besançon wakawa wanarusha maputo yasiyo na mtu, yenye vyombo tu. Kalamu ndogo zilikwaruza vipimo vya joto na kanieneo ya hewa juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Puto liliangukia popote, na mtaalamu akabaki kumtegemea mwokotaji mwaminifu akirudishe chombo.

Teisserenc de Bort alirusha maputo yake huko Trappes, karibu na Paris. Vyombo vikamwambia jambo asilolitarajia: kwenye kiasi cha kilometa 11, joto liliacha kupungua. Je, alikimbilia kutangaza? La. Alishuku kwamba jua lilikipasha kipimajoto, akarusha maputo usiku. Jibu likawa lile lile. Alipotangaza mwezi Aprili 1902, alikuwa amekwisha kurusha maputo 236. Siku chache baadaye Mjerumani Richard Assmann, aliyetumia maputo ya mpira yanayotanuka hadi kupasuka, akatangaza jambo hilo hilo. Tabaka hilo ndilo tunaloliita stratosfia. Huko ozoni hufyonza miale ya jua, na kadiri unavyozidi kupanda, joto huongezeka.

Lililonichoma zaidi ni kwamba ushahidi ulikwisha kufika hata kwetu. Mwaka 1908 Wajerumani Arthur Berson na Hermann Elias walirusha maputo ya namna hiyo juu ya Ziwa Viktoria. Leo tunajua kuwa katika ukanda wa Ikweta mpaka huo uko kwenye kilometa 16 au 17, na baridi yake huishinda ya Ulaya. Tangu mwaka 1929 vyombo vilianza kutuma vipimo kwa redio, visimsubiri tena mwokotaji.

Kosa la mwalimu wa watoto huenda likaishia darasani. La mwalimu wa walimu hupanda basi, likaenda kila wilaya. Mtaalamu yule alikishuku chombo chake mara 236. Mimi sikujishuku hata mara moja. Sikumwona tena kijana yule. Ikiwa anasoma kurasa hizi, ajue kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu.